Mzizi wa Neno na Mipaka Yake katika Ufundishaji wa Msamiati

Mbinu ya kufundisha msamiati wa Kiingereza kwa mizizi ya Kigiriki na Kilatini ina mashiko, kwani atambuaye mzizi mmoja huweza kukisia maana za maneno mengi. Hata hivyo, umbo huhadaa. Ped- ya “pedal” yatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mguu, ilhali ile ya “pedagogy” ni ya Kigiriki na humaanisha mtoto. Kiswahili nacho kina tahadhari yake. Maneno kitabu, katibu na maktaba yana mzizi mmoja wa Kiarabu, k-t-b. Lakini Kiswahili kiliichukulia ki- ya “kitabu” kuwa kiambishi cha ngeli, kikaunda “vitabu”. Mzizi, basi, hueleza asili ya neno. Maana na sarufi yake huamuliwa na matumizi. Mwalimu aishiaye kwenye mzizi hufundisha nusu ya neno.