Kidole Kimoja cha Trondheim

Tangu Januari 2024 walimu wenzangu wamekuwa wakiitaja kwa furaha makala moja iliyotoka katika jarida la Frontiers in Psychology. Waandishi wake, Ruud van der Weel na Audrey van der Meer wa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichopo Trondheim, Norway, waliwavika wanafunzi 36 wa chuo kikuu kofia yenye vinasa 256 vya kupokea umeme wa ubongo. Kisha wakawaonyesha maneno, wakawataka mara wayaandike kwa kalamu ya kielektroniki, mara wayachape kwa kibodi. Ikaonekana kwamba mtu anapoandika kwa mkono, sehemu za ubongo wake hushirikiana kwa upana zaidi kuliko anapochapa. Magazeti yakapiga mbiu: kalamu imeishinda kibodi!

Mimi ni mtu wa kalamu na chaki, na ushindi huo ungenifaa sana. Ndiyo sababu nimeisoma makala yenyewe badala ya habari zake, na ndiyo sababu sipendi tuiegemee kwa uzito wetu wote.

Washiriki wale walichapa kwa kidole kimoja tu, cha shahada cha mkono wa kulia. Aidha, neno walilokuwa wakilichapa halikutokea mbele yao, ilhali waliloliandika kwa kalamu lilionekana. Watafiti walikuwa na sababu zao, maana macho na kichwa vikihangaika huku na huku vipimo huharibika. Lakini, ndugu msomaji, ni karani gani achapaye hivyo? Anayefahamu kazi yake hutumia vidole vyote wala hatazami herufi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sioni kwa nini tukitarajie kivunje hoja ya wapenzi wa kompyuta. Kilichopimwa hapa ni mwandiko uliozoewa tangu utotoni dhidi ya uchapaji uliofungwa kamba.

Kubwa zaidi ni kwamba hakuna mshiriki aliyeulizwa baadaye anakumbuka nini. Neno kujifunza limetawala makala nzima, ilhali kujifunza kwenyewe hakukupimwa. Waandishi wanasema kwamba mawimbi ya namna ile yamehusishwa kwingineko na kumbukumbu, basi mwandiko unasaidia kumbukumbu. Mwanafunzi wangu wa ualimu angeniletea hoja ya namna hiyo, ningemrudishia daftari akaongeze hatua iliyorukwa.

Nasikitika kwa sababu elimu ya miendo ya mkono uandikao na uchorao ina mambo imara kuliko hayo. Mwaka 1983 Francesco Lacquaniti, Carlo Terzuolo na Paolo Viviani walionyesha kwamba mkono unaochora hupungua mwendo penye kona kali na kuongeza mwendo palipo wazi, na kwamba uhusiano huo wa kona na mwendo unafuata kanuni ya hesabu. Tena imejulikana tangu zamani kwamba mtu akiandika herufi kubwa, mkono wake huongeza kasi, hata muda wa kuiandika usizidi sana ule wa herufi ndogo. Mwalimu yeyote ameyaona hayo bila kuyapa jina. Ubaoni anaandika kwa bega na mkono mzima, daftarini kwa vidole na kiganja, na bado mwandiko ni wake yule yule. Maana yake herufi haikai vidoleni. Ubongo umehifadhi mwendo, na kiungo chochote kikitumwa kitautekeleza.

Kwa hiyo mwenye kusahihisha mwandiko kwa kutazama karatasi peke yake anatazama nyayo za mnyama aliyekwisha pita. Watoto wawili wanaweza kuleta "a" zinazofanana, mmoja akiwa ameizungusha kwa mwendo mmoja, mwingine ameiunga vipande vitatu kuanzia mkiani. Wa pili atachelewa kila imla, na alama nzuri za usafi zitamficha mpaka darasa la tano.

Utafiti ambao ningependa walimu wa awali waunukuu ni ule wa Karin James na Laura Engelhardt, uliotoka Marekani mwaka 2012. Watoto 15 wasiojua bado kusoma waliandika herufi wenyewe, au walizifuatisha juu ya alama, au walizichapa, kisha wakapimwa ubongo huku wakizitazama. Sehemu zinazotumika katika kusoma ziliamka kwa herufi walizoziandika wenyewe. Kwa kufuatisha na kuchapa hazikuamka vivyo hivyo. Watoto 15 ni wachache, nami nalisema hilo kwa haki ile ile niliyoitumia kwa Trondheim. Lakini hapa angalau kipimo kinafanana na swali. Watafiti wanadhani faida imo katika ubovu wenyewe, yaani mtoto akiandika "s" kumi zilizopinda kila moja kivyake, anajifunza kipi kinaifanya "s" iwe "s".

Sasa tazama vitabu vya nukta vinavyouzwa kwa wazazi wa madarasa ya awali. Mtoto hufuatisha nukta ukurasa baada ya ukurasa, kazi inapendeza, mzazi anafurahi. Mwalimu aliyewapeleka watoto uani, akaandika herufi moja ubaoni, akaifuta, kisha akawaacha waiandike mchangani kwa kidole huku yeye akitazama mikono yao inaanzia wapi, huyo hudhaniwa hana vifaa.