Daftari Moja Halitoshi: Uhakiki wa Huduma za Maktaba ya Mji Mdogo

Juu ya meza ya mkutubi katika maktaba ya umma ya mji wetu kuna ubao wenye orodha ya huduma nne: kuazimisha vitabu, kona ya watoto, kompyuta na intaneti, na habari kwa wakulima. Ubao huo umeandikwa kwa Kiingereza na Kiluganda, na rangi yake haijafifia. Nimeusoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha maktaba hiyo, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha kusoma ambacho hakikuwahi kufungiwa.

Mji wenyewe ni mdogo: barabara moja ya lami, soko, stendi ya teksi na shule tatu za sekondari. Uko Uganda, kusini-magharibi mwa Kampala. Sitautaja kwa jina, kwa sababu naamini ninayoyasema yanaihusu miji mingi, na kwa sababu mkutubi wake ni mtu aliyenitendea mema. Makala hii si mashitaka dhidi yake. Hoja yangu ni kwamba huduma zote nne za ubaoni zinakwama kwa sababu moja: maktaba yetu ina daftari la kuhesabu vitabu vilivyomo, lakini haina daftari la kuhesabu vitabu vilivyosomwa.

Ili nisihakiki kwa hasira tu, nitatumia kipimo kinachofahamika. Mwaka 1931, S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyegeuka kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras huko India, alitoa kitabu chenye sheria tano za ukutubi. Ya kwanza inadai kwamba vitabu vipo ili vitumike. Ya pili na ya tatu zinadai kwamba kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kipate msomaji wake. Ya nne inataka muda wa msomaji usipotezwe, na ya tano inasema kwamba maktaba ni kitu hai kinachokua. Katika kuieleza sheria ya kwanza, Ranganathan anakumbusha kwamba zamani huko Ulaya vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu. Tunaposoma habari hiyo darasani tunacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu nilikuwa nimeiona minyororo hiyo ikiwa na sura ya kufuli.

Tuanze na huduma ya kwanza. Kujiunga na maktaba yetu kunahitaji barua ya mwenyekiti wa LC1, picha mbili, pesa ya amana na mdhamini ambaye ni mtumishi wa kudumu wa serikali. Barua na picha zinapatikana. Amana ni ya kutafuta. Lakini mtoto wa mkulima atampata wapi mtumishi wa serikali wa kuweka jina lake kwa ajili ya kitabu? Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa tayari kunidhamini, lakini hakuwa ameajiriwa na serikali. Alilipwa na wazazi. Kwa hiyo nilisoma maktabani miaka minne bila kuazima kitabu hata kimoja, na sikuwa peke yangu. Siku moja ya likizo nilituhesabu. Tulikuwa kumi na tisa chumbani. Kumi na sita kati yetu tulikuwa na daftari zetu wenyewe, tukijiandaa kwa mitihani ya taifa. Wawili walikuwa wanasoma gazeti. Mmoja alikuwa amelala.

Sitaki kukidharau chumba kile. Nyumbani tulikuwa na taa moja, na watu sita waliokuwa na haja nayo. Kama si kiti cha maktaba, huenda nisingefika chuoni. Lakini kiti ni kiti. Hata kanisa au msikiti wenye taa ungeweza kunipa kiti. Kinachoifanya maktaba iwe maktaba ni kile kinachotoka rafuni na kuingia mikononi mwa mtu, na kwa kipimo hicho chumba chetu kilikuwa ukumbi wa kusomea uliozungukwa na vitabu.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina uchungu wake. Vitabu vya Kiswahili vilikuwa kwenye kabati la vioo karibu na dirisha: Kamusi ya Kiswahili Sanifu, riwaya kadhaa, vitabu vya sarufi, jumla yake havifiki ishirini. Kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa afisa mmoja wa halmashauri ambaye ofisi yake ilikuwa jengo jingine. Nilikuwa nikisimama mbele ya kile kioo nikisoma migongo ya vitabu. Baadaye, nilipopata kulifungua kabati hilo, nilitazama karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma ya ile kamusi. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa mwaka 2009. Tangu hapo mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 umekiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato vya mwanzo, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lugha imepewa mlango mkubwa Kampala, na katika mji wetu kamusi yake imekaa nyuma ya kioo ikingoja ufunguo.

Kona ya watoto na kompyuta nitaziunganisha, kwa kuwa hadithi yake ni moja. Kona ya watoto ina mkeka, viti vifupi na vitabu vya picha vya msaada, vizuri kweli. Watoto waliruhusiwa kuingia wakiwa na mwalimu wao tu, wasije wakachana kurasa. Kompyuta zilifunikwa kwa kitambaa zisiingie vumbi. Vitu vyote hivyo vilikuwa safi mno. Ukiona kitabu cha watoto kina kurasa zinazong'aa kama siku kilipochapwa, ujue hakijawahi kukutana na mtoto.

Huduma ya nne ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Nilipokuwa kidato cha nne, migomba ya mama yangu ilianza kunyauka. Majani yaligeuka manjano, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani unakuta weusi. Ulikuwa ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na kuenea katika mashamba ya ndizi ya kanda yetu ya maziwa makuu. Mama hakujua jina lake. Alijua tu kwamba mti mgonjwa hukatwa, basi akachukua panga na kukata, mti mmoja baada ya mwingine, kwa panga lilelile. Aliniambia, "Wewe unayeshinda kwenye vitabu, niulizie huko kama kuna kitabu cha ugonjwa huu."

Niliuliza. Mkutubi aliniambia ukweli: vikaratasi kuhusu ugonjwa wa migomba vilikuwa vimeletwa, lakini vilikuwa stoo, havijaingizwa kwenye daftari la mali. Kisichoandikwa hakiwezi kutolewa, kwa sababu mkaguzi akija atauliza vilikuja vingapi na viko wapi. Nilimwitikia, "Sawa, mzee," nikarudi kwenye daftari langu la jiografia.

Nilikuja kuviona vikaratasi hivyo nikiwa tayari mwanafunzi wa chuo, likizo niliyojitolea kusaidia kupanga stoo. Vilikuwa bado vimefungwa kwa kamba. Vilikuwa kwa Kiluganda, vyenye picha, kurasa nne tu. Vilieleza kwamba ua la kiume la mgomba livunjwe kwa mti wenye panda badala ya kukatwa kwa kisu, na kwamba panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia mti mwingine, kwa maana panga ndilo linalobeba ugonjwa. Nilikaa juu ya boksi nikavisoma mara mbili. Wakati huo nusu ya shamba la mama ilikuwa imeshageuzwa kuwa ya mihogo. Siwezi kudai kwamba kurasa nne zingeokoa kila mgomba. Ninachoweza kudai ni kwamba mama aliusambaza ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe, huku maelezo ya kumzuia yakiwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, katika lugha anayoisoma.

Nilimwuliza mkutubi kwa nini hakunipa hata kimoja siku ile. Hakukasirika. Alifungua droo akanionyesha hati yake ya mshahara ya miaka ya nyuma, iliyokatwa fedha za vitabu vitatu ambavyo wanafunzi waliazima na hawakurudisha. "Mwanangu," alisema, "kitabu kikipotea, jina langu ndilo linaloandikwa. Kitabu kikisomwa, haliandikwi jina la mtu."

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya mfanyabiashara, na dukani ni ya kweli kabisa. Lakini maktaba si duka. Katika halmashauri yetu, vitabu vimeandikwa katika daftari moja na viti, matoroli na mafagio, na mkaguzi huvihesabu kwa namna ileile: kipo au hakipo. Kwa hesabu hiyo, kitabu bora ni kile kisichoguswa, na mkutubi bora ni yule asiyeazimisha. Hapo ndipo sheria ya kwanza ya Ranganathan inapovunjwa, na anayeivunja si mkutubi bali ni hesabu yenyewe.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa Kiingereza kama East African Literature Bureau, ilipoanzishwa mwaka 1948, ilichapa vitabu kwa Kiswahili, Kiluganda na lugha nyingine, na pia ikavipeleka kwa wasomaji kwa masanduku na kwa posta. Huduma ya sanduku haina maana kama sanduku halisafiri. Uganda ilipata Bodi yake ya Maktaba za Umma mwaka 1964. Kisha Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikaziweka maktaba hizo chini ya wilaya na miji, na mwaka 2003 sheria nyingine ikaunda Maktaba ya Taifa. Kuzirudisha maktaba kwa wananchi lilikuwa wazo zuri. Lakini katika mji kama wetu, ofisi iliyozipokea ni ileile inayohangaika na takataka, masoko na mashimo ya barabarani, na ilizipokea kama mali ya kutunza.

Mtu atasema kwamba nchi maskini haiwezi kuruhusu vitabu vipotee. Hoja hii ina uzito, na wale waliochukua vitabu vitatu na kumwachia mzee wa watu deni walifanya vibaya. Hata hivyo, tazama Kitengesa, kijiji karibu na Masaka. Maktaba yake ya jamii ilianza mwaka 1999, katika shule ya sekondari, kwa juhudi za mwalimu mkuu Emmanuel Mawanda na mwanaisimu Kate Parry, ikiwa ni sanduku la vitabu tu. Vitabu viliazimwa kabla jengo halijakuwapo. Baadaye wanafunzi walipewa kazi ya kuhudumia maktaba, na malipo yao yakawa karo ya shule. Mwaka 2007 maktaba za namna hiyo zikaunda chama chao cha nchi nzima. Kitengesa si tajiri kuliko mji wetu. Tofauti ni kwamba ilianzia kwa msomaji, na jengo likafuata.

Ninayopendekeza hayahitaji mfadhili. Kwanza, halmashauri ikubali kwamba kila mwaka vitabu vichache vitapotea au kuchakaa, kama inavyokubali kwamba matairi ya gari lake yatakwisha, na isimkate mkutubi mshahara. Pili, mdhamini aweze kuwa mwalimu yeyote, au kikundi cha akiba na mikopo ambacho mzazi ni mwanachama. Tatu, maktaba ifunguliwe Jumamosi, siku ya soko, badala ya kufungwa siku ambayo wakulima wote wako mjini. Nne, na hili ndilo kubwa, kuwe na daftari la pili: leo kimetoka kitabu gani, kwa nani, kwa lugha ipi. Mkaguzi akija aonyeshwe madaftari yote mawili, na la pili likiwa tupu, aulize kwa nini.

Wenzangu mnaosoma Kiswahili, wengi wetu tutarudi katika miji hii kufundisha. Likizo ijayo, kila mmoja aende kwenye maktaba ya mji wake, aombe kitabu chochote cha Kiswahili, afungue ukurasa wa nyuma na kuutazama muhuri wa mwisho. Kisha akiazime. Mimi ile kamusi niliiazima Januari, mdhamini wangu akiwa mkutubi mwenyewe. Nimeirudisha kwa wakati, na mwanafunzi wa kidato cha pili ameichukua baada yangu.