Kusakinisha na Kuita: Uhakiki wa Lugha ya Miongozo ya R

R ni programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Haiuzwi, kila apendaye aweza kuichukua. Wanaisimu nao huitumia kuhesabu maneno na kulinganisha vipimo vya sauti. Lakini kitu cha bure si lazima kiwe chepesi kufikiwa, na mara nyingi kinachomkwaza mwanafunzi mwanzoni si hesabu, bali ni lugha ya mwongozo.

Mwongozo rasmi, "R Installation and Administration", waandikiwa mtu aliyekwisha kuingia nyumbani. Baada ya kueleza kwa ufupi mahali pa kuipata R, sura ya pili yaanza mara moja kueleza jinsi ya kuijenga programu kutoka msimbo wake katika mifumo ya jamii ya Unix. Mwenye Windows hana budi kungoja sura ya tatu, na habari za vifurushi vya nyongeza zaja katika sura ya sita. Mpango huo wamfaa fundi. Mgeni hana haja ya kujenga chochote. Ahitaji faili moja iliyokwisha kutayarishwa, na kuambiwa jinsi ya kuifungua.

Hata hivyo, kitabu hicho kina sifa moja kubwa. Katika sura hiyo ya sita chahimiza istilahi zitumike kwa usahihi: maktaba ni folda vinamokaa vifurushi, wala si kifurushi chenyewe. Onyo hilo lahitajika, kwa maana jina la amri yenyewe lapotosha. Amri "install.packages" hukileta kifurushi kutoka mtandaoni na kukiweka katika kompyuta. Amri "library", ambayo kwa jina ni maktaba, haiundi maktaba yoyote. Hukitoa kifurushi kimoja humo ili kitumike katika kikao kile tu. Tendo la kwanza hufanywa mara moja. La pili hurudiwa kila R inapofunguliwa.

Hapo Kiswahili chaweza kueleza vizuri kuliko amri zenyewe. "Sakinisha" latokana na "sakini", yaani kukaa mahali: kilichosakinishwa kimepata makao, nacho hakihitaji kuletwa tena kesho. Kwa tendo la pili, wapo wasemao "pakia". Neno hilo halifai, kwani limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kupeleka faili mtandaoni, kinyume cha "pakua". "Ita" ni bora: aitwaye sharti awepo kwanza, naye huitwa kila anapohitajika.

Tofauti hii si pambo. Mwanafunzi aliyesakinisha kifurushi jana, leo akiambiwa kwamba amri aliyoiandika haijulikani, hudhani kifurushi kimepotea. Hukileta upya kwa bando alilolinunua kwa fedha yake, na kosa hubaki palepale. Alichopaswa kufanya ni kukiita, na kuita hakuhitaji intaneti. Ni kweli kwamba R ikibadilishwa kwa toleo jipya, huenda vifurushi vikahitaji kusakinishwa tena. Lakini hilo si jambo la kila siku.

Basi mwongozo wa Kiswahili usifuate wa Kiingereza sura kwa sura. Na uanzie mlangoni, na katika ukurasa wake wa kwanza utenge maneno haya mawili: kusakinisha na kuita.