Kila Ukurasa na Fungu Lake

Kuainisha kurasa za wavuti ni kazi ya kuupa kila ukurasa fungu lake: habari, michezo, afya, biashara, dini. Kurasa zinazoletwa na vitambazi, yaani programu zinazozunguka wavuti na kukusanya kurasa, ni nyingi kupita uwezo wa macho ya watu. Mkusanyo mmoja tu wa Common Crawl, shirika lisilo la faida lililoanzishwa Marekani mwaka 2007, hufikia kurasa bilioni mbili au zaidi. Programu haziepukiki, na kuzichagua ni ufundi wa kuheshimiwa, kwa kuwa kosa dogo la mwanzoni hujirudia mamilioni ya mara kabla hajatokea mtu wa kuligundua.

Fundi hodari huanza na mafungu, zana hufuata. Mfano mzuri ni mkusanyo wa WebKB wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka 1997 zilikusanywa kurasa 8,282 za idara za kompyuta za vyuo vikuu vya Marekani, zikagawanywa kwa mkono katika mafungu saba: wanafunzi, wahadhiri, wafanyakazi, idara, kozi, miradi na mengineyo. Fungu la wafanyakazi liliambulia kurasa 137. Mengineyo likapata 3,764. Hata katika uwanja mwembamba kiasi hicho, karibu nusu ya kurasa hazikuingia katika majina yaliyobuniwa. Kwa hiyo programu isiyoweza kusema "huu sina pa kuuweka" haifai kwa kurasa za wavuti, hata ikisifiwa vipi. Kwa kukosa njia hiyo, italazimika kudanganya.

Hatua inayofuata ni kusafisha. Ukurasa ghafi huja na menyu, matangazo, viungo vya habari nyingine na onyo la vidakuzi. Ukurasa wa mapishi ya pilau uliozungukwa na matangazo ya kubeti unaweza kabisa kuishia kwenye michezo. Zana za kuchambua matini halisi zipo, na Trafilatura na jusText ni mbili zinazoaminika. jusText hupima kila aya kwa urefu wake, wingi wa viungo vyake, na idadi ya maneno madogo yanayojitokeza katika maandishi ya kawaida, kama vile na, ya, wa, kwa, ni. Kipimo hicho cha mwisho kina hatari yake. Aya safi ya Kiswahili ikipimwa kwa orodha ya maneno madogo ya Kiingereza, huonekana takataka na kutupwa.

Ndiyo maana utambuzi wa lugha unastahili uangalifu wa pekee, hasa Afrika Mashariki. Modeli ya utambuzi wa lugha ya fastText, kazi ya watafiti wa Facebook, ni nyepesi na ina kasi ya ajabu; toleo lake lililobanwa halifiki megabaiti moja. Inatambua lugha 176. Lakini katika orodha hiyo ndefu, lugha ya Kibantu ni moja tu, nayo ni Kiswahili. Kinyarwanda hakimo, Kiganda hakimo, Kizulu hakimo. Ukurasa wa Kinyarwanda ukifika mbele ya modeli hiyo hauna jina lake la kweli, na Kiswahili ndicho jamaa yake wa karibu zaidi mle ndani. Anayekusanya kurasa za Kiswahili kwa zana hiyo peke yake anaweza kujaza ghala lake lugha za majirani bila kujua. Modeli ya GlotLID, iliyotoka mwaka 2023, inatambua lugha zaidi ya 1,600, na inakitenga hata Kiswahili cha Kongo. Kwa kazi ya ukanda huu, hiyo ndiyo ya kutangulizwa.

Kisha huja zana ya kuainisha yenyewe, na hapa fundi anahitaji kuijua lugha zaidi ya anavyoijua programu. Njia ya zamani, ambayo maktaba ya scikit-learn huifanya kwa mistari michache ya Python, ni kuhesabu maneno na kuyapa uzito. Kwa Kiingereza mara nyingi inatosha. Kwa Kiswahili, mchezo, michezo, mchezaji, wachezaji, atacheza na waliocheza huhesabiwa kuwa maneno sita yasiyojuana. Dawa yake ni kuhesabu vipande vya herufi: kipande "chez" kimo katika yote sita. scikit-learn ina chaguo hilo. fastText pia inalo, ila katika mafunzo ya uainishaji huwa limezimwa kwa chaguomsingi, na asiyeliwasha huikosa faida hiyo bila kuonywa.

Modeli za aina ya BERT, iliyotolewa na Google mwaka 2018, husoma neno pamoja na majirani zake, na uelewa wao ni mpana zaidi. Hata hivyo BERT haipokei zaidi ya vipande 512 vya maneno kwa mara moja, na toleo lake la lugha nyingi huyakatakata maneno ya Kiswahili, hivyo ukurasa mrefu hukatwa mkia. Mvuvi wa dagaa hachukui jarife: kutenganisha michezo na afya hakuhitaji modeli nzito inayodai vichakataji vya gharama kubwa.

Lililo gumu kuliko yote ni kupima. Katika WebKB, programu inayojibu "mengineyo" kila mara ingepata asilimia 45 bila kusoma hata herufi moja. Kwa sababu hiyo kila fungu hupimwa peke yake, yale madogo kwanza. Mkusanyo wa MasakhaNEWS wa mwaka 2023 una habari za lugha 16 zinazozungumzwa Afrika, Kiswahili kikiwemo, zilizokwisha kupewa mada. Ni hazina kubwa ya kufundishia. Lakini habari za magazeti zimepita mikononi mwa wahariri, na kurasa nyingi za wavuti hazijapita. Hakuna kinachochukua nafasi ya kurasa mia chache zilizochotwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye mkusanyo wenyewe na kusomwa na mtu anayeijua lugha.

Siku hizi modeli kubwa za lugha husaidia kazi hiyo ya kusoma kurasa. Mwaka 2024, katika mkusanyo wa FineWeb-Edu, modeli kubwa ya Llama 3 ilipewa kurasa laki kadhaa izipe alama za thamani ya kielimu, kisha modeli ndogo ikajifunza kutokana na alama hizo na kuzipitia kurasa zote zilizobaki. Mgawanyo huo wa kazi ni wa busara, maadamu alama za modeli kubwa nazo zimekaguliwa na wasomaji.

Mwisho huangaliwa leseni na uhai wa zana. Hifadhi ya msimbo wa fastText ilifungwa mwaka 2024; programu bado inafanya kazi, ila marekebisho kutoka kwa walioiunda hayatarajiwi tena. Ndiyo maana jina la zana, toleo lake na modeli iliyotumika huandikwa kando ya lebo ya kila ukurasa, ili fungu likibishaniwa baadaye, ijulikane lilitolewa na nini na kwa kipimo gani.