Reinildo Kafunga, Mwenye Kebo Hajui

Mechi ya mubashara kukatwakatwa na kusukumwa upande wa intaneti, ilhali kebo yenyewe ina njia ya televisheni, ni kosa lisilo na utetezi. Mliiona Mambas, timu yetu ya Msumbiji, na Ghana pale Abidjan, Januari 22, 2024: tumelala 2-0, Geny Catamo akafunga penalti dakika ya 90+1, Reinildo akasawazisha kwa kichwa 90+4. Mwenye dishi kisiwani Vamizi kashapiga ukelele. Jamaa yake wa Mombasa anayetazama kwa aplikesheni kupitia kebo hata kona ya bao hilo hajaiona ikipigwa. Simu ya hongera ndiyo inayompa habari.

Mawimbi ya setilaiti hupanda kilomita 36,000 na kushuka kwa robo sekunde. Ongeza sekunde chache za kuibana picha, bado dishi linatangulia. Aplikesheni nyingi zinafuata HLS, kanuni ya Apple ya kurusha video mtandaoni, ya mwaka 2009: picha hukatwa vipande, mwanzoni vya sekunde 10, tangu 2016 vya sekunde 6, na kwa kawaida hungojwa vitatu ndipo mchezo uonekane. Sekunde 18 zimekwenda bure. Tena kila nyumba inapelekewa nakala yake! Nyumba 200 zikitazama mechi ya megabiti 5 kwa sekunde, ni megabiti 1,000 kwenye waya mmoja wa mtaa. Chaneli moja ya megahezi 8 kwenye waya huohuo, kwa mfumo wa 256-QAM, hubeba takriban megabiti 50. Mechi ikirushwa humo mara moja, kwa megabiti 5 zilezile, nyumba zote 200 zinaipata. Njia ipo, imeshalipiwa, inaachwa.

Kwamba inawezekana tumeshaona: kampuni ya Zuku waliposambaza runinga, simu na intaneti kwa waya mmoja Nairobi na Mombasa, walifanya kazi safi.

Leonard Mambo Mbotela alipotangaza mpira kwenye redio ya Sauti ya Kenya, goli liliingia nyumba zote kwa pamoja. Hicho ndicho kipimo changu, na hakuna aplikesheni iliyokifikia.

Na lile la bafa kubwa ndani ya modemu, yaani hifadhi ya foleni, nalo huchelewesha; nitalisema pia. Mhandisi Jim Gettys aliligundua nyumbani kwake kwenye kebo mwaka 2010: faili likipakiwa, foleni inajaa, sauti ya simu inakaa zaidi ya sekunde nzima ikingoja zamu. Dawa ya tatizo hilo, kanuni ya kufupisha foleni iitwayo PIE, imo katika DOCSIS 3.1, kiwango cha modemu za kebo. Anayenunua modemu aulizie hiyo kwanza, kabla ya kuuliza megabiti.