Mkono Uliopisha Taswira

Mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, mwanafunzi wa kompyuta aitwaye Myron Krueger alikuwa akihangaika na hitilafu. Kazi yake ya sanaa, Metaplay, ilikaa sehemu mbili: ukumbi wa maonyesho huku, kompyuta kule, umbali wa kama maili moja. Ishara zilikuwa zikifika zimevurugika. Ili kuitafuta hitilafu, yeye na mwenzake, kila mmoja akiwa mahali pake, walielekeza kamera za video kwenye skrini zilizoonyesha ishara hizo, picha zao zikachanganywa kuwa picha moja iliyoonekana kwa wote wawili, kila mmoja akawa anaonyesha kwa mkono kile anachokisema. Katika kuonyesha huko, taswira ya mkono wa Krueger ikaifunika taswira ya mkono wa mwenzake. Mwenzake akausogeza mkono wake.

Hakuna aliyeguswa. Kilichokutana ni mwanga na mwanga, na bado mtu mzima akapisha, kama tunavyopishana mikono kwenye sinia la wali. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara nasimama hapo. Mtu mwingine angerekebisha hitilafu yake akaenda nyumbani. Krueger aliona kwamba binadamu huihesabu taswira yake kuwa sehemu ya mwili wake, akatumia miaka mingi kuifuata njia aliyoonyeshwa na mkono ule.

Huo ndio ufundi ninaousifu: kutafiti kwa kutengeneza. Fundi hujenga kitu kinachomwitikia mtu, hukiweka mbele za watu, kisha hukaa pembeni akatazama. Wanachokifanya watu ndilo jibu lake. Unahitaji mikono ya mhandisi na macho ya msanii, na zaidi ya vyote unahitaji subira ya mtu anayeweza kunyamaza mgeni anapokosea.

Somo la kwanza Krueger alilipata mwaka mmoja kabla, katika kazi ya pamoja iliyoitwa Glowflow. Kilikuwa chumba cha giza chenye mirija ya kimiminika kinachong'aa kutani, na sakafuni vitambuzi vilivyohisi uzito wa anayepita. Wasanii wenzake waliogopa kwamba watu wakigundua siri hiyo watakanyagakanyaga sakafu ili tu waone mwanga ukiwaka. Basi wakaweka mwanya kati ya hatua na mwanga. Chumba kikapendeza, lakini wengi waliingia wakatoka bila kujua kwamba kilikuwa kimewahisi. Krueger aliiona hiyo kuwa kasoro kubwa, nami naona alisema kweli. Ukiitika salamu baada ya mwenye salamu kupita, umemwitikia nani? Toka hapo akashikilia kwamba mwitiko ndio sanaa yenyewe, na kwamba picha na sauti vipo ili kuutumikia.

Msimamo huo ulizaa Videoplace, kazi aliyoianza katika miaka ya sabini na kuiendeleza kwa muda mrefu. Wakati watafiti wengine wakimvika mtu kofia nzito zenye vioo, Krueger alimtaka aingie alivyo, na nguo zake za kila siku. Kamera ilichukua umbo lake, nalo likaonekana mbele yake kama kivuli kikubwa chenye rangi. Sisi tuliocheza vivuli vya mikono ukutani kwa mwanga wa koroboi tunaujua utamu wa kuona umbo letu likigeuka kitu kingine. Hapa ukuta ulijibu. Kijidudu kimoja, Critter, kilikimbilia kivuli cha mgeni, kikakiparamia hadi utosini, na kikishafika juu kikacheza ngoma. Ili kijidudu kiaminike, ilibidi kijibu papo hapo. Kompyuta za kawaida za wakati ule hazikuwa na kasi ya kuchambua picha za video namna hiyo, kwa hiyo Krueger na wenzake walijiundia vifaa vyao maalumu. Uhai wa kile kijidudu ulikuwa katika kuwahi kwake.

Ufundi huu una watoto wengi. Mwaka 1992, Durrell Bishop, aliyekuwa akisoma Royal College of Art jijini London, alibuni mashine ya kupokea ujumbe wa simu inayotumia gololi. Kila ujumbe ukiingia, gololi moja inadondoka. Iweke kwenye kishimo, ujumbe unasikika. Iweke kwenye simu, inampigia aliyekutafuta. Gololi tatu ni jumbe tatu, hata mtoto anahesabu. Kisha mwaka 1999 Bill Gaver, Anthony Dunne na Elena Pacenti walieleza jinsi walivyowapelekea wazee wa Oslo, Amsterdam na Peccioli, Italia, vifurushi vyenye postikadi, ramani na kamera ndogo, badala ya dodoso. Naipenda heshima iliyomo humo: unapiga hodi kwa zawadi, na mwenyeji anakufungulia mlango anaoutaka yeye.

Wapo wanaodai tarakimu: sekunde ngapi zimeokolewa, makosa mangapi yamepungua. Kwa mashine ya kutolea fedha hilo ni dai la haki. Lakini hakuna dodoso ambalo lingeuliza habari za mkono uliopisha taswira, kwa kuwa kabla ya siku ile hakuna aliyejua kwamba swali hilo lipo.

Mwaka 1985 Krueger na wenzake waliiwasilisha Videoplace San Francisco, kwenye mkutano wa CHI wa wataalamu wa uhusiano wa binadamu na kompyuta. Mwaka 1990, Prix Ars Electronica ya Linz, Austria, ilipoanza kutunuku sanaa shirikishi, tuzo ya kwanza ya Golden Nica katika fani hiyo ilikwenda kwa Videoplace hiyo hiyo.