Wachawi wa Ulaya na Kitabu cha Bibi Murray

Huenda, msomaji, umepata kusikia ya kuwa wachawi waliouawa Ulaya katika karne zilizopita hawakuwa wachawi hata kidogo, bali walikuwa wafuasi wa dini ya kale iliyotangulia Ukristo. Maneno hayo yana mwenyewe. Mwaka 1921 Bibi Margaret Murray, mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri aliyefundisha London, alitoa kitabu kiitwacho The Witch-Cult in Western Europe. Alidai ya kwamba watu hao walimwabudu mungu mwenye pembe, wakikusanyika usiku kwa makundi ya watu 13; na yule ambaye mahakimu walimwita Shetani alikuwa kuhani tu, aliyejivika mfano wa mnyama.

Ni hadithi tamu, nayo ilipata bahati, kwani mwandishi huyo ndiye aliyepewa kuandika habari za uchawi katika Encyclopaedia Britannica ya 1929.

Lakini hebu tuupime ushahidi wake. Idadi ile ya 13 yapatikana katika maungamo ya Isobel Gowdie, mwanamke wa Scotland, ya mwaka 1662. Naam, mwanamke huyo huyo aliungama pia ya kuwa aligeuka sungura, na kwamba alisafiri angani kwa kupanda bua. Je, yafaa kuyashika yanayotupendeza na kuyaacha yaliyobaki? Mwaka 1975 Norman Cohn aliyarudia maandishi aliyoyanukuu Bibi Murray, akaonyesha jinsi mambo yasiyowezekana yalivyoachwa nje, hata mkutano wa ndoto ukaonekana kama mkutano wa kweli.

Tena, wengi waliungama baada ya kuteswa, na ateswaye hujibu lile analoulizwa.

Basi hapakuwa na upagani wowote? Hapo sikubaliani na wanaoyatupa yote. Mwaka 1966 Carlo Ginzburg, Mwitalia, alieleza habari za wakulima wa Friuli walioitwa benandanti. Hao walizaliwa wakiwa wamefunikwa na utando wa uzazi. Walisema ya kuwa mara nne kwa mwaka roho zao hutoka usiku kupigana na wachawi, wao wakishika matawi ya shamari, na adui zao mabua ya mtama (mtama huu huu tuujuao sisi). Wakishinda, mavuno huwa mema. Imani hiyo yanuka ukale, walakini wenyewe walijiita Wakristo, wakisema wanampigania Kristo. Hawakuwa na hekalu wala kuhani wa pembe.

Mahakimu wa kanisa walianza kuwahoji mwaka 1575, wasiamini kwamba mtu aweza kutoka usiku kwa jambo jema. Wakauliza, wakauliza tena. Kufikia kati ya karne ya 17, baadhi ya benandanti walikuwa wakiungama ya kuwa wao wenyewe ndio wachawi. Huo ndio aina ya ushahidi alioutegemea Bibi Murray: aliwatetea waliouawa, na papo hapo akawasadiki waliowaua.